Masahihisho

Jumanne, saa kumi kasorobo, darasa la mwisho,
dirisha linatazama bomba la kiwanda cha karatasi
lisilotoa moshi tena.
Wanafunzi kumi na wanne, kalamu tisa.
Nikawaambia: Lisemwalo lipo. Sawa.
Lakini kalisema nani,
naye alikuwa amesimama wapi?

Kamera sikuwa nayo.
Nilikuwa na ufunguo wa stoo, niliopewa na karani
kwa sharti nisivutie sigara humo
(sijavuta sigara maishani).
Ndani: panya, kombe la voliboli lililokatika mkono,
na vitabu vya kumbukumbu, miongo mitano,
vimefungwa kwa kamba ya katani.

Gawaneni miaka, nikasema, kama watu wanaogawana palizi.
Msiniletee sifa.
Nileteeni jina, tarehe, na mtu wa kuulizwa.

Makokha alileta mti: nani aliupanda mjakaranda wa getini?
Wazee watatu, kila mmoja aliupanda peke yake.
Andika yote matatu, nikamwambia, wala usimsute mtu.

Nasipwondi alileta harufu.
Babake husema upepo ukigeuka, enzi zile,
Webuye nzima ilinuka mayai viza
na walimu walifundisha wamebana pua.
"Mwalimu, harufu nayo ina chanzo cha pili?"
Ina. Muulize mamako.
Usimwambie babako alisema nini.

Halafu Lusweti, asiyesema,
akaniwekea mezani kitabu cha 1983,
kidole kwenye mstari:
Nabanji Khaemba, Kidato cha Tatu. Ameacha shule kwa hiari.
Na kando yake neno lililokwanguliwa kwa wembe
mpaka karatasi ikatoboka.

Hakuna Nabanji hapa kwetu.
Yuko Nabangi,
ndiye anayetupakulia maharagwe.

Hapo ualimu uliniishia.
Nilitaka kusema, acha, mama wa watu anastaafu Desemba.
Lusweti alikuwa keshafika jikoni.

Maswali matano aliyaandika kiganjani;
jasho lilifuta la tano.
Kwa hiyo hakuuliza kwa nini.
Mama Nabangi alilijibu hata hivyo,
bila kuacha kupepeta:
"Tulikataa chakula chenye fukusi.
Mimi nilikuwa mbele kwa sababu nilikuwa mrefu.
Andika hivyo.
Na jina langu liandike vizuri."

Chanzo cha pili: mwalimu mkuu wa zamani, huko Kimilili.
Alituandalia chai, akasema hapakuwa na mgomo wowote,
akazima redio,
akauliza: "Kwani bado yupo?"

Cha tatu kilikuwa risiti,
imekunjwa mara nne ndani ya jalada la michezo,
karatasi ya kiwanda kile kile cha dirishani:
magunia kumi na mawili, yamerudishwa dukani.

Lusweti akaandika ukurasa mmoja.
Neno lake la kwanza lilikuwa Shujaa.
Nikalikata.
Hilo ni lako, nikasema, silo lake.
Akakaa. Akatafuna kalamu.
Akaandika: Msichana mrefu.

Gazeti tulilibandika nje ya bwalo kwa gundi ya unga.
Mkuu wa sasa alilisoma mara mbili, mikono nyuma,
akaenda zake; mpaka leo hajasema neno.
Mama Nabangi alikuja siku ya tatu, mwiko mkononi,
midomo ikifuata maneno.
Akamwita Lusweti.
"Magunia yalikuwa kumi na moja.
La kumi na mbili lilikuwa la chumvi."

Toleo lililofuata, chini kabisa, herufi ndogo:
Wiki jana tuliandika magunia kumi na mawili ya maharagwe.
Yalikuwa kumi na moja.
Tunaomba radhi.

Alisimama hapo kwa muda mrefu
kuliko alivyosimamia habari yenyewe.
Kisha akauliza kama anaweza kupewa nakala,
si ya gazeti lote,
ya hiyo mistari mitatu tu.