Waya Mwekundu

Wiki ya kwanza nilinywa maji stoo,
nyuma ya magunia ya mchele, kama mwizi.
Zuwena akanifuma, akacheka:
"Kunywa, Mwende. Saumu yangu, koo lako."

Usiku wa nusu ya mwezi watoto wa Ibra
waligonganisha mawe mlangoni, karankasho!
Nikawamiminia njugu mifukoni
nikabaki na ganda moja kiganjani.

Idi ilipofika, wanaume wa mtaa
walishusha nyama shimoni, juu ya makaa,
kila nyumba na kifumba chake cha ukindu,
chetu kimefungwa waya mwekundu.
Wakafunika, wakakandika udongo,
wakaenda zao kunywa kahawa.

Mimi nikabaki pale.
Mama alizikwa Kitui mwezi wa Shaabani
(jina la mwezi nimejifunzia hapa);
kaburi nililiona kwenye simu,
picha ikiganda, ikiganda,
hata koleo la mwisho sikuliona.

Keshokutwa yake wakafukua.
Moshi, bizari, kelele za majina.
Zuwena akapekua majivu kwa fimbo:
"Chetu hiki! Shika huko, cha moto!"

Nikashika.