Shafti

Saa kumi na moja alfajiri, Bukavu bado ina ukungu kooni.
Pale Panzi nawasha Fuso, inakohoa, inakubali.
Cirhuza anapiga magurudumu teke moja moja
kama mnunuzi wa mbuzi asiye na haraka.
Mzigo ni sabuni, chumvi, makreti arobaini ya bia,
na godoro la bibi harusi wa Kamituga
ambaye sijamwona, ila nimeonywa:
lisiguswe na tope.

Lami inatuaga mapema, haijifanyi ndugu.

Burhale: kamba, kijana, kiti kisicho na mgongo.
"Mkubwa, barabara inatengenezwa."
Nalipa. Nakanyaga klachi,
natumbukia katika shimo lile lile
nililolilipia mwaka jana.

Halafu mteremko.
Hapa breki haiaminiki; unashuka kwa gia ya kwanza,
injini ikikoroma, mlima umekushika ukosi.
Kushoto hakuna kitu. Naam, hakuna kitu:
migomba iko chini huko, midogo kama nyasi,
na ukungu unapanda bila kulipa barieri.

Babu yangu aliichonga kona hii kwa sururu
enzi za kampuni ya Wazungu,
namba ya bati shingoni.
Dhahabu ilipita mbele yake katika masanduku yenye lakiri.
Tulipomuuliza ilikuwa na rangi gani
alisema: ya mbao.

Kona ya tatu kabla ya mto Ulindi
napunguza mwendo hata pasipo na sababu.
Hapo shafti ilikatika, ta! kama muwa,
tukalala siku nne chini ya turubai,
tukila mihogo ya watu na kusikiliza mvua.
Vipande tuliviacha majanini.
Nani abebe chuma kilichokufa?

Kamituga unaisikia kabla hujaiona.
Ta. Ta. Ta.
Akina mama wanatwanga mawe,
vumbi jeupe hadi kwenye kope,
watoto mgongoni wamelala katika kelele ile
kama wengine walalavyo katika kimya.

Godoro limefika kavu. Nalikabidhi, nahesabu kreti,
ndipo Mama Wabiwa ananiita kutoka kwenye kinu chake:
"Shoferi, njoo umsalimie mwanao."
Ananyanyua mchi.
Naijua ile kutu. Naijua ile herufi niliyoichonga kwa tindo
ili mafundi wa Bukavu wasinibadilishie.
"Ilikuwa imelala majanini," anasema,
"nikaona haya kuiacha. Imesomesha wawili."

Nilitaka kucheka. Nilitaka pia, Mungu anisamehe, kudai.
Nikaomba nijaribu.
Nikatwanga mara tatu, mara nne;
mikono ikautambua ule mtikisiko,
ule ule wa usukani penye mawe ya Ngando.
Jiwe likanitazama tu.
"Lete," akasema, "utalichelewesha."

Jioni nilimsindikiza kwa mnunuzi.
Mizani ndogo, nyuzi mbili, sahani mbili:
huku vumbi la siku nzima,
huku njiti ya kiberiti.
Vumbi lilipaa.
Mnunuzi akaivunja njiti katikati, akajaribu tena.
Nusu njiti. Mama akafunga pesa kwenye ncha ya kitenge,
hakuhesabu.

Siku mbili baadaye, Bukavu, kando ya ziwa,
kijana anayeosha magari anaweka beseni chini ya bamba la matope.
"Usimwage, mzee. Umetoka Kamituga, siyo?"
Anakoroga, anamwaga kidogo, anakoroga.
Miaka kumi na tisa naishusha milima ile kwa magurudumu
na sijawahi kuinama kutazama.
Ninainama.
Mchanga mweusi. Kokoto. Halafu, ukingoni, kitu kinang'aa.
Cirhuza anaacha kutafuna.
Kijana anakinasa kwa ncha ya kidole chenye mate,
anakigeuza juani, anakigeuza tena.

"Kioo," anasema. "Cha taa yako ya kushoto."

Na pesa ya kuosha anaitaka kamili.