Picha ya Katibu

Alikuja Jumatatu, ukungu wa Newala haujaondoka bondeni,
na suti ya kaki iliyopigwa pasi hadi ikang'aa magotini.
"Nichore," akasema, "kama wale wa kitabuni mwako."

Kitabu changu hakina jalada. Padri mmoja wa Ndanda aliniachia,
kimejaa matajiri wa Italia wa miaka mia tano iliyopita:
mfanyabiashara mwenye manyoya ya mnyama shingoni,
mkono juu ya daftari, pete tatu,
na nyuma ya bega lake dirisha, na ndani ya dirisha
mashamba yote aliyotaka tujue ni yake.

Basi Saidi Litunungu, katibu wa chama cha msingi,
akanitajia vyake kama anayeagiza chakula:
saa (hana; nichore tu), kalamu mbili mfukoni,
dirisha, na dirishani mikorosho mpaka Ruvuma.
"Na mizani," akasema. "Nyuma yangu. Watu wajue kazi yangu."

Siku nne alikaa juu ya kreti la soda.
Uso haukunipa taabu. Uso hujipanga kabla mchoraji hajafika:
kidevu juu, macho ya mtu anayesubiriwa.
Vidole ndivyo vilivyonisumbua.
Havikutulia kwenye daftari; kidole gumba kilirudi, kikarudi tena,
kikisugua ukurasa pale penye tarakimu.
Nikakichora hivyo hivyo.

Kisha mizani.
Mama yangu alipeleka gunia pale, mwaka ule wa mvua nyingi.
Tulikuwa tumelipima kwa muuza dagaa. Lilipofika chamani
lilikuwa limepungua, na njiani hakuna aliyelifungua.
Brashi nyembamba kuliko zote. Rangi nyekundu.
Sikuuweka mshale kwenye sifuri. Niliuweka pale unapokaa,
upana wa punje ya mtama nyuma ya sifuri.

Alipokuja kuichukua picha alitazama saa kwanza.
Akaipenda saa. Akauliza pete moja ya ziada ni shilingi ngapi.
Akalipa. Nilipohesabu, noti moja haikuwepo.

Sasa ametundikwa ofisini, juu ya mizani yenyewe.
Msimu umefunguliwa, foleni inafika kwenye mashine ya kusaga.
Bi Asumini Nambunga ameshusha gunia lake, anahema,
anatazama mshale wa juu,
anatazama mshale wa chini.