Fyuzi ya Saa Sita Usiku

Naryn, Januari. Mto umeganda mpaka mfupani.
Hita yetu aliiunda baba
kabla hajaenda Yekaterinburg kupakia maghala ya watu:
bomba la kauri, waya wa nikromu,
mizunguko mia na kumi. Aliihesabu kwa sauti,
mimi nimemshikia ncha.

Novemba waya ulikatika.
Mama akatupa kipande kilichoungua, mizunguko kumi hivi,
akazisokota ncha kwa koleo, akasema: imepona.
Kweli, ikawaka nyekundu kuliko zamani.

Ila kila usiku, saa sita, fyuzi inakufa.
Si saa mbili, tunapokula ndani ya makoti.
Si saa tatu.
Saa sita, tumelala,
pu! na giza,
na baridi inaingia kama mdai.
Mama akaanza kumshuku mama mkwe wake,
marehemu wa miaka minne.

Burulay wa ghorofa ya pili
alifanya kazi miaka ishirini na sita kituo cha kupozea umeme.
Alishuka na mita mbili ndani ya soksi ya sufu.
Habari za marehemu hakuziuliza.

"Volti unaipima kwa ubavuni," alisema,
"kama mtu anayechungulia dirishani.
Ampea haikubali kuchunguliwa.
Kata njia, simama katikati, upitiwe."

Saa mbili: volti mia na sitini.
Mtaa mzima umewasha, kila jiko, kila birika,
umeme unatufikia umechoka.
Ampea nane.
"Gawa."
Mia na sitini kwa nane. Omu ishirini.
"Huo ndio ukinzani. Ubishi wa waya.
Jioni ni huohuo, usiku ni huohuo. Sasa zidisha."
Mia na sitini mara nane:
wati elfu moja mia mbili na themanini.
Niliiandika huku naiona pumzi yangu
ikielea juu ya daftari.

Tukangoja.
Chai ilipoa, ikapashwa, ikapoa.
Ng'ambo ya barabara madirisha yakazimika,
la fundi viatu, la wale pacha, la mwalimu wa hesabu,
na sindano ya mita ikajiinua
mia mbili, mia mbili na kumi,
mia mbili na ishirini.

Gawa kwa ubishi uleule.
Kumi na moja.
Fyuzi yetu ilikuwa ya kumi.
Zidisha: elfu mbili mia nne na ishirini,
karibu maradufu ya joto la jioni,
joto tulilolililia mezani
likaja tumeshafumba macho.

Pu.

Burulay alicheka gizani.
"Mkwe wako hana kosa, Jyldyz.
Kosa ni mizunguko kumi. Waya mfupi hubisha kidogo,
na asiyebisha hupitiwa na kila kitu
mpaka kitu kingine kiungue."
Mama hakucheka.
Mama hajawahi kubishana na mtu,
hata siku ile ya tikiti ya baba.

Chini ya kitanda kulikuwa na waya uliobaki.
Safari hii ncha aliishika mama, nikahesabu mimi,
mia na moja, mia na mbili,
na maungio tukayabana kwa skrubu, hatukusokota.
Omu ishirini na mbili.
Wekundu ukapungua kidogo,
ukakesha.

Jumapili baba akapiga simu.
Hakuuliza baridi. Aliuliza: "Inakula ampea ngapi?"
"Kumi," nikasema. "Kumi kamili, saa sita usiku."
Akanyamaza. Nyuma yake gari la kuinulia mizigo lilikuwa likirudi kinyumenyume, likilia.
"Na mama yako?"

Mita ya Burulay ilikuwa bado mezani, soksi pembeni.
Nikamtazama mama, mgongo wake, sinki, maji yanayotiririka,
nikijiuliza njia ikatwe wapi
ili mtu asimame katikati.