Kidole cha Shahada

Mashine ya pale dirishani ilikikataa kidole changu.
Kiweke tena, mama. Kifute. Bonyeza. Kingine.
Miaka kumi na tisa ya sabuni na jiki
imekilamba kikabaki laini kama mgongo wa kijiko,
na bima haimjui mtu asiye na mistari.
Nikaambiwa nisubiri, mfumo umelala.
Nikasubiri, kichwa kikinigonga kwa ndani,
hadi mfumo ukaamka, ukaniuliza mimi ni nani,
ukalala tena.

Ndipo nikasikia habari za chumba kule Jericho,
juu ya duka la misumari,
ngazi kumi na saba, ya tano imevunjika.
Daktari Syombua hana dirisha.
Ana meza, mizani, kitanda chenye shuka la maua,
na daftari jeusi kama la muuza duka anayekopesha.
Mia tano kwa mwezi, alisema, uumwe usiumwe.
Uje na mafua, uje na maneno.
Sitamwandikia mtu barua
kumwomba ruhusa ya kukugusa.

Lakini daftari ni la majina mia mbili, basi.
"Nikizidisha nitaanza kuwasahau,
na nikiwasahau, nina tofauti gani na ile mashine?"
Akanirudisha nyumbani. Ataniita.

Aliniita Julai, baridi imekaza.
Ukurasa wa nane, mstari wa nne:
jina la Olweny, fundi wa saa, limepigwa mstari
kwa rula, polepole,
kama mtu anayemfunika mwenzake uso.
Hakulifuta. Chini yake akaandika: Kerubo, dobi.
Nikakalia kiti kilichokuwa bado kinamngoja mwingine.

Alinishika mkono. Si mshipa kwanza; mkono.
Akaugeuza kama ninavyogeuza shati
kutafuta lilikofumukia.
Akauliza maji nayapandisha ghorofa ngapi,
chumvi naipima kwa kijiko au kwa kiganja,
usiku nani hukohoa, nani hula kabla yangu.
Nusu saa nzima.
Sijawahi kupewa nusu saa na mtu
bila beseni la nguo zake kuwa mbele yangu.

Presha, akasema. Ya siku nyingi.
Sasa Jumanne simu hulia:
"Kerubo, umemeza?"
Nimemeza.
"Ya leo. Ya jana uliiruka."
Sijui hujuaje.

Sisemi ni muujiza. Februari nilikosa mia tano,
nikapeleka mia mbili, nikamfulia mapazia.
Akaandika: mia tatu, mapazia.
Na mguu ulipovimba mpaka kiatu kikanigomea,
daftari halikuwa na eksirei.
Ilibidi turudi kule kwa dirisha,
mimi na yeye, foleni moja, asubuhi ya manyunyu.
Kiweke tena, mama. Kifute. Kingine.
Daktari akainama kwenye kitundu cha kioo:
"Huyu ni Kerubo Nyanchoka. Mimi namjua."
Karani, kijana mpole, akatazama skrini
kisha akamtazama yeye, karibu kwa huruma.
"Daktari, hapa hakuna mahali pa kuandika hilo."

Tulilipa taslimu. Mfupa ulikuwa mzima.
Mguu umepungua, navaa viatu vyote viwili.

Ila jirani yangu Wangeci, wa mlango wa bluu,
naye ana kifua kisichopoa tangu mvua za Aprili.
Amepanda zile ngazi, ameruka ile ya tano,
ameambiwa arudi nyumbani, ataitwa.
Tangu siku hiyo, tukikutana bombani,
hutua ndoo yake chini,
huniangalia ninavyopumua,
na huniuliza hali yangu
kwa makini sana.