Chumvi Ilibaki Ndani

Zulia la plastiki lilitoka vipande vipande,
likaacha gundi nyeusi kama ukoko wa sufuria.
Siku mbili nimepiga magoti, kisu cha mezani mkononi,
hadi vikaanza kunitazama kutoka chini:
vigae vya saruji, wekundu wa damu ya ng'ombe, kijani cha mgomba,
nyota ya ncha nane, robo kwa kila kigae.
Huioni nyota mpaka vinne vikutane.

Nyumba hii ya Kiborloni baba aliijenga kwa kahawa ya mwaka mzuri.
Uliofuata haukuwa mzuri:
mlangoni pa stoo kuna vigae vitatu vya saruji tupu,
kijivu, kama pengo lililozibwa na mtu asiye daktari.

Aikande kapiga simu kutoka Dar:
"Bomoa, weka tailizi, zile kubwa zinazong'aa.
Kina Mosha wameweka hadi bafuni."
Nikamwambia mtandao unakatika.

Fundi Kajiru alikuja na ndoo tatu na maneno machache.
"Ndimu usiguse, wala siki.
Saruji na ndimu hazipikiki chungu kimoja."
Akanionyesha chini ya dirisha vishimo vidogo, kama ndui:
hapo mama amekamulia samaki ndimu miaka arobaini.
Sabuni ya kipande, maji, msasa laini, maji tena.
Halafu subiri.

Julai ya Moshi haina haraka ya kukausha kitu.
Ukungu unashuka, unaingia jikoni bila hodi,
mlima umejifunika gubigubi wiki nzima.
Kila jioni nilidondosha tone moja la maji juu ya nyota
na nyota ikalinywa.
"Juu ina kiu, ndani bado imelowa," alisema Kajiru.
"Umvalishe koti mtu aliyelowa? Ataoza."

Imekunywa kila kitu sakafu hii:
mafuta ya taa, mtori, mbege ya kipaimara changu,
chai aliyoiachia baba siku ile mkono ulipomkataa.

Mbele ya jiko kuna bonde, upana wa visigino viwili.
"Tulisawazishe?"
Mama alivua ndala, akasimama humo
kama mtu anayejaribu kiatu chake mwenyewe.
"Mkilisawazisha, nitasimama wapi?"

Siku ya nane tukapaka dawa ya kuzibia,
nyembamba, kwa kitambaa cha fulana kuukuu,
tukirudi kinyumenyume toka dirishani hadi mlangoni,
mpaka tukajikuta nje,
na jiko limefungwa hadi asubuhi.
Nikawasha mkaa uani, nikabandika ndizi.
Chumvi ilibaki ndani, kwenye kabati la mbali.

"Tule hivyo hivyo," nikasema.
Mama alionja, akaurudisha mwiko.
Nilipoinama kupuliza mkaa
nikasikia bawaba.

Asubuhi tone la maji lilisimama juu ya nyota,
duara, halikwenda popote.
Na toka mlangoni hadi kabatini, kuvuka wekundu na kijani,
nyayo za mtu asiye na ndala:
kwenda, pole pole;
kurudi, mbio kama mwizi.

"Hizi tunazipitishia msasa kabla ya mkono wa pili,"
alisema Kajiru, amechuchumaa.
Nikamhesabia pesa yake yote.
Nikamwambia mkono mmoja unatosha.