Mpangaji wa Chumba cha Uani

Alikuja Juni, mwezi ambao hata sisi tunaulaani,
na sweta jembamba kama karatasi ya kufungia sabuni.
Bwana Selvam, fundi wa mitambo ya kukoboa kahawa.
Ukungu wa Loleza ulikuwa umeshuka hadi kwenye kamba ya nguo;
akaniuliza kwa vidole: moshi huu unatoka wapi?

Nilimchinjia jogoo.
Nani alijua? Akasimama mlangoni, mikono nyuma,
akiitazama sahani kama picha ya marehemu asiyemfahamu.
Hali nyama. Wala yai.
Jogoo akaliwa na mafundi bomba, yeye nikamkaangia viazi,
akamaliza sahani mbili, akatikisa kichwa huku na huku
kama mizani ya Mwanjelwa inayotafuta kilo yake.
Sikujua amekubali au amekataa.
Sasa najua. Ni ndiyo.
Mara nyingine ni tutaona, na hiyo pia naijua,
ndiyo anayonipa kila tarehe tano nikidai ya umeme.

Saa kumi jioni huniambia "Ugonile."
Na "ndaga" huisema popote: kwa mwenye duka,
kwa afisa aliyemzungusha wiki tatu kwa kibali,
kwa mbwa wa jirani aliyemrarua suruali.

Ambwene wangu yuko kwao, anasomea dawa.
Si kwao hasa. Yeye ni wa Madurai, mwanangu Haidarabadi.
Nilidhani ni kama hapa na Tukuyu.
Akachora kwenye vumbi la kibaraza kwa mpini wa ufagio:
treni, usiku kucha na mchana juu yake, lugha nyingine.
"Hata mimi, mama, kule mgeni."
Ramani ile niliiacha siku mbili bila kufagia.

Ambwene husema yuko salama.
Kila Jumapili salama ileile, kama muhuri wa posta.
Yaliyobaki niliyapata kwa mpangaji:
kwamba Mei, kule, zege la paa huunguza hadi usiku wa manane
na watu hulowesha shuka ndipo walale;
kwamba kodi hudaiwa ya miezi mingi kwa mpigo,
na kwa kijana wa rangi ya Ambwene
(hapo alikuna sikio) vyumba hujaa ghafla.
"Hujaa?"
"Ndaga, mama."
Mara hiyo tu neno halikupotea njia.

Kisha akaja na sufuria, uso umemwanguka.
Mchele wa Kyela na dengu, amesaga, amechanganya,
siku ya tatu leo, na uji umelala kama jiwe.
Kwao ukiuacha usiku, asubuhi umepanda wenyewe.
Baridi hii, nikamwambia, huzuia hata hasira.
Nikampeleka ninapovundika ndizi, nyuma ya jiko,
nikaifunga sufuria kwa koti la Ambwene,
lile alilolivua uwanja wa ndege akicheka: huko la nini?

Jumapili nilimuuliza mwanangu swali moja.
"Kuna jirani amewahi kukubishia hodi?"
Kimya. Feni, nadhani, ilikuwa ikizunguka.
"Watu wana kazi zao, mama."
Miezi kumi na moja.

Nilikata simu na hasira isiyo na pa kutua.
Nikatoka uani. Dirisha la Selvam lilikuwa na taa,
alikuwa akipiga pasi shati la kesho, akiimba puani,
nami nilikwisha kulipanga neno: kodi inapanda.
Lilikuwa mdomoni kabisa, kama mbegu ya chungwa.

Harufu ndiyo iliyonigeuza.
Nyuma ya jiko mfuniko ulikuwa umeinuka,
uji umefura, umepita ukingo,
umemwagikia ndizi, umelowesha mkono wa koti.
Nikachovya kidole, nikalamba.
Mchachu.
Nikachukua kitambaa, nikafuta mkono ule taratibu
hadi kwenye kifungo,
kisha nikaita, "We Selvam! Njoo uone."